Siku Niliyoishikia Seva Mwavuli

Chumba chetu cha seva zamani kilikuwa choo. Vigae vyeupe bado viko ukutani, vimefika usawa wa kifua, na sakafuni pana duara la saruji pale palipokuwa na shimo. Ofisi iko ghorofa ya pili, Ilala, si mbali na Boma. Seva mbili, zile kompyuta za kutunza data za ofisi, ziliponunuliwa, bosi alizunguka korido nzima akitafuta nafasi, akafungua ule mlango, akasema, "Hapa." Watu wa uhasibu wakaambiwa kuanzia leo washuke chini. Mpaka kesho hawajanisamehe, na wala si mimi niliyeamua.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Kwenye ofisi ya watu 14, mtu wa kompyuta ndiye anayefunga printa, anayebadilisha taa, na anayeulizwa kwa nini simu ya mtoto wa bosi haishiki chaji. Viyoyozi sikusomea. Naomba hilo likumbukwe.

Ilikuwa Machi, lile joto la Dar linalotangulia masika. Unatoka kuoga, unajifuta, bado umelowa, na hujui kama ni maji au jasho. Nikaenda Kariakoo kununua kipimo kidogo cha ukutani: joto juu, unyevu chini, katikati kikatuni cha uso. Hali ikiwa nzuri uso unacheka, ikiwa mbaya unanuna. Nikakibandika pembeni ya raki, lile kabati la chuma la seva. Joto nyuzi 24, unyevu asilimia 76, na uso umenuna kama abiria aliyerudishiwa chenji pungufu.

Nilikuwa nimesoma kwamba seva zinapenda joto la kati ya nyuzi 18 na 27, na unyevu usipite sana asilimia 60. Ukizidi, vyuma vinaanza kutu na maji yanaanza kujikusanya. Ukipungua mno, umeme tuli unarukaruka na kuunguza vifaa. Hilo la pili, kwa mkazi wa Dar, ni sawa na kuonywa kuhusu maporomoko ya theluji.

Nikachukua rimoti. Nyuzi 22. Uso umenuna. Nyuzi 20. Ndiyo kwanza unyevu ukapanda! Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi, kwa hiyo mvuke uleule unahesabika kuwa asilimia kubwa zaidi. Siku ile nilijua tu kwamba kiyoyozi kinanibishia. Kwenye rimoti kulikuwa na kitufe chenye picha ya theluji, ya jua, ya feni na ya tone la maji. Hilo tone nililiogopa. Mtu unapigana na maji, ubonyeze alama ya maji? Nikaweka theluji, nyuzi 16, nikaificha rimoti kwenye droo.

Mama yangu nyumbani huweka punje za mchele kwenye chumvi ili isishikane. Nikajiuliza, kama unaweza chumvi, seva utashindwaje? Nikanunua kilo mbili, nikazimwaga kwenye sinia, nikalisukuma chini ya raki. Asubuhi ya pili sinia lilikuwa tupu, limeoshwa, limekaushwa. Mama wa chai akasema alidhani ni mchango wangu wa chakula cha mchana. Nilikula, na sikusema neno.

Chumba kikapewa jina la Makete, ile wilaya ya baridi kali kule Njombe. Mimi nilikuwa naingia na jaketi nililowahi kununua kwa safari ya Njombe. Wenzangu waliingia na sababu. Dada wa uhasibu alikuja kila saa saba na sahani ya wali maharage inayofuka: "Kaka, nipoe dakika mbili tu." Mlango unafunguliwa, unafungwa, mvuke wa maharage unapanda, na uso wa kipimo unazidi kununa.

Ijumaa niliondoka nikakiacha Makete kinavuma. Jumatatu saa nne asubuhi umeme ukakatika.

UPS, betri ya akiba ya seva, ikaanza kulia. Seva zikabaki hai, kiyoyozi kikazima, maana chenyewe hakikuungwa kwenye UPS. Kukawa kimya. Katika ule ukimya nikasikia: to. Halafu: to, to. Nikapanda kwenye kiti, nikafunua mfuniko wa kiyoyozi. Koili, yale mabomba yanayopoza hewa, haikuonekana. Palikuwa na bonge la barafu jeupe, nene, lenye manyoya, kama ndani ya friji la muuza samaki, na lote lilikuwa limeamua kuyeyuka kwa wakati mmoja. Maji yaliijaza trei yake, yakamwagika kwa mbele, na mbele chini palikuwa na raki. Raki iliwekwa pale na mtu aliyetaka ubaridi uzishukie seva bila kupoteza njia. Mtu huyo alikuwa amesimama juu ya kiti na jaketi la Njombe.

Nikafanya kosa la pili: nikafungua mlango na dirisha la korido, hewa iingie. Unajua soda ikitolewa kwenye friji ikawekwa kibarazani inavyotoa jasho? Chumba kizima kikawa soda. Vigae vikachuruzika, mlango wa raki ukachuruzika, hata kile kikatuni kikatoka jasho.

Kwenye kona ya ofisi ya bosi kulikuwa na mwavuli mweusi, ule mkubwa. Sikuomba. Nikaufungua juu ya raki kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikaanza kuzima seva kwa utaratibu, huku maji yakipiga kitambaa, pa pa pa. Mzee wa getini akapanda kuuliza kama jenereta liwashwe. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," bila kugeuka. Akaitika, akatazama juu, akatazama chini.

"Kijana, huku juu imeanza lini?"

Maji yakapita chini ya mlango yakafika korido. Dada wa uhasibu akayaruka. "Kumbe kimerudia kazi yake ya zamani! Sasa tunaruhusiwa?"

Nikagundua mwavuli unayamwaga maji pembeni, kwenye nyaya, nikaupindua ukawa beseni, nikaufunga kwenye raki kwa zipu za plastiki za kufungia nyaya. Nilikuwa navuta zipu ya mwisho bosi alipoingia na wageni watatu waliokuja kukagua mkataba.

"Na hapa ndipo tunapotunza data zote," akasema, akanyamaza.

Mgeni mmoja, mama wa makamo aliyevaa miwani, aliuangalia mwavuli kwa muda. "Inanyesha msimu mmoja au misimu miwili?"

Seva zilipona. Swichi moja ndogo ya mtandao haikupona, na watu wa stoo walishinda siku nzima na daftari.

Fundi alitoka maeneo ya Gerezani, karibu na Kariakoo, akafika alasiri. Akachomoa filta, kitu kinene kama blanketi la bweni.

"Hii mara ya mwisho imeoshwa lini, kaka?"

"Huwa inaoshwa?"

Akanitazama kwa huruma. Akasema filta ikiziba upepo haupiti kwenye koili, koili inapoa kupita kiasi, unyevu unaganda pale pale. Na ukiweka 16 unaisaidia kuganda. Kisha akasimama katikati ya chumba, akanyoosha kiganja mbele ya kalenda iliyokuwa juu ukutani, akaifunua. Nyuma yake kulikuwa na safu mbili za tofali za matundu, zile za kutolea harufu ya choo, na nyuma yake Ilala yote na mvuke wake. Kalenda niliitundika mimi, jua lilikuwa linaniingia machoni.

"Wewe ulikuwa unawapoza mpaka wauza mitumba," akasema.

Akaziba matundu, akaosha filta, akaweka nyuzi 23. Akaniuliza kwa nini situmii kitufe cha tone. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Kumbe tone ndilo la kukausha hewa.

Kabla ya kuondoka aliukata mwavuli kwenye zipu, akaukunja nusu na maji yake ndani, akausimamisha kwenye kona. "Usisahau kuumwaga," akasema. Nikamwambia nitaumwaga. Saa kumi na moja unyevu ulisoma asilimia 58, na kikatuni kikacheka. Nilikipiga picha nikamtumia mama.

Nje, wingu likashuka na mvua ya kwanza ya masika ikaanza kumwagika. Nikiwa kwenye meza yangu nikamsikia bosi akimwuliza mama wa chai kama ameuona mwavuli wake. Mama wa chai akamwelekeza. Nikasikia mlango wa Makete ukifunguliwa, hatua zikishuka ngazi, hatua zikifika chini kwa mzee wa getini.

Nikainuka mbio kuelekea dirishani. "Bosi, usi..."

Alikuwa ameshauinua juu ya kichwa, anaufungua.