Nyumba ya Mbogani na mlango wa jikoni

Kila mara inapotajwa hapa Nairobi nyumba ya Karen Blixen, mwandishi aliyekuwa mlowezi wakati wa ukoloni, hukosi kusikia pande mbili. Wa kwanza atauliza kwa nini nchi iliyomwaga damu kudai ardhi itunze nyumba ya mlowezi. Wa pili atamjibu kwamba watalii huja na kulipa kiingilio. Swali la kwanza ni zito kuliko wengi wanavyotaka kukiri, na jibu la pili ni jepesi mno. Hata hivyo mimi nataka nyumba ile isimame, na sababu yangu haihusiani na pesa za watalii.

Jengo lenyewe lina thamani. Lilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Blixen, aliyetoka Denmark, na mumewe Bror walilinunua mwaka 1917, na wakaliita Mbogani. Ni nyumba ya chini, kuta za mawe, paa la vigae, na baraza pana la kupunga upepo. Kaa barazani jioni, jua likishukia vilima vya Ngong, na utaelewa kwa nini mtu angeng'ang'ania mahali hapa hata hesabu zikimkataa. Na kweli zilimkataa. Kahawa waliyoilima kwenye shamba lao haikupapenda: ni juu mno, baridi ni kali, udongo una asidi. Mtambo wa kukaushia kahawa ungali nje kwenye bustani, umepigwa na kutu, na kwangu chuma kile kinasema ukweli kuliko vyumba vyote vya ndani. Mwaka 1931 shamba lilifilisika, mwenyewe akarudi kwao, na ardhi ikakatwa viwanja. Ndivyo mtaa wa Karen tunaoujua leo ulivyoanza.

Sasa tumsikilize anayepinga, maana hoja yake haijajibiwa. Shamba lilikuwa na takriban ekari 6,000, na kahawa ilichukua ekari 600 hivi tu. Ekari kama 1,000 zilikaliwa na maskwota, wengi wao Wakikuyu. Neno lenyewe ni la kuuma: mtu anaitwa skwota kwenye ardhi ambayo wazee wake huenda waliilima kabla ya mzungu yeyote kufika. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kukaa na kulima kishamba chake. Hiyo ni nusu ya mwaka. Nyumba za watu hao zilikuwa za udongo na nyasi, na hakuna iliyobaki. Kwa hiyo tunapohifadhi jumba la mawe peke yake, tunakuwa tumehifadhi upande uliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe. Na tusijidanganye: serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hii kama zawadi ya Uhuru, lakini ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986 tu, mwaka mmoja baada ya filamu maarufu ya Hollywood kuhusu maisha ya Blixen. Wageni wengi huja kutafuta mapenzi ya kwenye filamu ile. Habari za ardhi hawazijii.

Hayo yote nayakubali. Ninapoachana na mpinzani ni pale anapohitimisha kwamba basi nyumba haina maana kwetu.

Kumbukeni Pangani ya zamani. Kilikuwa kijiji cha Waafrika papa hapa Nairobi, wengi wao Waislamu waliozungumza Kiswahili, na nyumba walijijengea wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakoloni walikibomoa na wenyeji wakahamishiwa Shauri Moyo. Leo ukitaka kumwonyesha mtoto wako Pangani ile, utamwonyesha nini? Utasimulia tu, na msikilizaji akitaka kubisha, atabisha. Mbogani haibishiki. Mtoto wa shule anayepita kwenye vyumba vile anaona kwa macho yake ukubwa wa kilichochukuliwa na jinsi maisha yalivyokuwa ya starehe juu yake. Ushahidi huo ni wetu kuliko wa Denmark. Ukiubomoa, unayemsaidia ni yule anayetaka yasahaulike.

Kasoro iko kwenye masimulizi. Chukua mfano wa Kamante Gatura. Alikuwa mtoto wa skwota, akaugua vidonda vya miguu, akatibiwa, kisha akawa mpishi wa nyumba ile, mwenye mikono iliyosifiwa na wageni wa Blixen. Jiko liko nyuma, limetengwa na nyumba kubwa. Watu wengi hulifikia mwishoni, wakiwa wamechoka, wanachungulia masufuria na kuondoka kwenda kupiga picha kwenye nyasi. Mimi ningeanzia huko. Mgeni aingie kwa njia aliyoingilia Kamante, aipite hatua kwa hatua nafasi kati ya jiko na meza ya chakula, ndipo afike barazani kwenye mandhari ya Ngong.

Haki pia inadai tuseme kwamba Blixen, alipokuwa akiondoka, alihangaika ofisi hadi ofisi ili maskwota wake wasitawanywe, na hatimaye serikali ikakubali wapewe sehemu ya msitu wa Dagoretti wakae pamoja. Wapo wanaolitaja jambo hili kama uthibitisho wa wema wake. Wema ulikuwepo, sikatai. Lakini angalieni ulichokuwa ukiomba: watu waruhusiwe kukaa pamoja, tena mahali pengine. Kwamba wabaki walipo halikuwa jambo la kujadiliwa.

Dagoretti haiko mbali na Karen. Wazao wa familia zile huenda wanapita getini pale kila siku kwa matatu. Makumbusho ya Taifa yangeweza kuwatafuta, yakaketi nao, yakarekodi majina ya koo na mahali boma la kila mmoja lilipokuwa, kisha yakaweka alama za mawe bustanini, pale kati ya mtambo wa kahawa na mlango wa jikoni.