Sio kila namba iliyoko kwenye msimbo ni dhambi

Kuna maprograma wakiona namba popote kwenye msimbo (maandishi ya programu) roho zinawauma, lazima waing'oe waipeleke kwenye faili la konfigi, yaani faili la mipangilio linalokaa nje ya msimbo, hata zile dakika 60 za saa. Sasa hizo nani atakuja kuzibadilisha jamani?

Mi naona swali ni moja tu, hii thamani ataibadilisha nani na lini? Kama ni mimi mwenyewe, tena mara moja moja sana, naipa jina linaloeleweka naiweka sehemu moja, maisha yanaendelea. Shida mara nyingi sio kwamba namba imepigiliwa kwenye msimbo, ni kwamba imepigiliwa sehemu kibao bila jina, unakutana na 30 huku na 30 kule, hujui kama ni siku, ni sekunde au ni idadi ya watu kwenye ukurasa, ukigusa moja unaomba Mungu.

Angalia VAT ya Uingereza. Ilikaa 17.5% tangu 1991, watu wakaizoea, halafu Desemba 2008 ikashushwa hadi 15, Januari 2010 ikarudi 17.5, Januari 2011 ikapandishwa 20. Ukiwa na programu ya ankara ambayo 0.175 imetapakaa kila mahali, hapo utakoma. Lakini hata ukiwa umeiweka kwenye konfigi kama namba moja bado hujapona, maana ankara ya Novemba 2008 ukiifungua leo lazima isome 17.5, sio 20. Kinachotakiwa pale ni jedwali kwenye databesi, kiwango na tarehe kilipoanza kutumika. Yani kuitoa tu namba kwenye msimbo hakujakusaidia kama hujaelewa inabadilikaje.

Na hii imani kwamba konfigi ni salama kwa sababu "si tumebadilisha faili tu" inanishangaza sana. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walisambaza faili la data, sio toleo jipya la programu yenyewe, na Microsoft wakakadiria kompyuta milioni 8.5 za Windows zimeanguka, ndege zikakwama viwanjani. Faili lilitaka kusoma ingizo la 21 wakati programu ilikuwa inaleta 20. Konfigi nayo ni msimbo, tofauti yake ni kwamba watu wengi hawaipimi. Halafu kila swichi unayoongeza kwenye konfigi, ya kuwasha au kuzima kitu, inazidisha hali mara mbili, swichi 10 za ndiyo au hapana ni michanganyiko 1,024, na wewe umejaribu mingapi? Mitatu?

Paswedi na funguo za API (za siri, ambazo programu moja hutumia kuingia kwenye nyingine) sina hata mjadala nazo, hizo zisikae kwenye msimbo kabisa, na kama imeshaingia kwenye Git, inayotunza kila toleo la msimbo, basi kuifuta tu haitoshi, historia inayo, badilisha paswedi yenyewe. Anwani za seva hivyo hivyo, kwa sababu anwani ya seva ya majaribio na ile ya kazi haziwezi kuwa moja.

Zinazobaki, zile za "huenda siku moja mteja akataka", naziacha kwenye msimbo bila aibu. Siku mteja akija kweli naihamisha, na kwa vile ipo sehemu moja na ina jina, ni kazi ndogo tu, na hapo angalau najua anataka kubadilisha nini hasa, maana mara nyingi anataka kitu ambacho ile swichi yangu ya kubuni isingekiweza.