Deni Lisiloandikwa Linatuua Sokoni

Soko la Kenya, hapa Lubumbashi, karibu kila meza ina kaye, yaani daftari, ya madeni. Fungua ukurasa wowote: "Mama Mapasa, mifuko 10." Tarehe hakuna, bei hakuna, sahihi hakuna. Mwenye kaye anajua, Mama Mapasa anajua, na wakiwa wanaelewana inatosha. Siku wakikosana, kaye hiyo inabaki neno la mtu mmoja.

Wengi wetu tunaona sheria ya biashara ni mambo ya makampuni ya shaba na mawakili wao. Mimi sikubali. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mikataba Kongo, inasema katika ibara ya 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Haichagui mkubwa wala mdogo. Unga uliotolewa leo kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi ni mkataba kamili, hata kama mlipeana mkono tu. Kinachotuangusha ni ushahidi.

Tangu 12 Septemba 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara zinazotumika katika nchi 17. Sheria hizo zinamruhusu mfanyabiashara kumdai mwenzake kwa ushahidi wa kila aina, hata ujumbe wa simu. Basi mzigo ukiondoka, mwandikie palepale: "Leo umechukua mifuko 10 ya unga, bei ni hii, utalipa tarehe hii." Akijibu "ndiyo", usiufute ujumbe huo. Mteja asiye mfanyabiashara ni habari nyingine. Huyo atie sahihi kwenye karatasi.

Linaloniuma zaidi ni muda. Kwa mauzo kati ya wafanyabiashara, haki ya kudai mahakamani inakwisha baada ya miaka 2. Wamama wetu wananyamaza kwa heshima, maana mdaiwa ni shemeji au wanasali naye kanisa moja, na miaka inapita. Nani aliwaambia? Sheria zinatufikia kwa Kifaransa, na sokoni bei zinapatanwa kwa Kiswahili tangu alfajiri. Mji una tribinali ya biashara, una mawakili, una kitivo cha sheria. Wanaokusanya ushuru wa soko kila siku wana deni kwetu: wabandike kanuni hizi kwa Kiswahili kwenye mlango wa kila soko, na waanze na hiyo ya miaka 2.