Wali Uliowatoa Watu Majumbani

Kwa mtu wa Unguja, wali ndio chakula, na vyote vingine ni vya kuchangamshia kinywa tu. Anaweza akamaliza bakuli la urojo Forodhani, akaongeza sambusa, mishikaki na kipande kikubwa cha mkate wa kumimina, kisha akarudi nyumbani akalalamika kwamba tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Ndiyo maana daktari aliponitazama kwa juu ya miwani yake na kuniambia kwamba sukari yangu imeanza kupanda na sina budi kupunguza wanga, nilimuuliza wanga ni kitu gani hasa, ingawa nimefundisha kemia katika skuli za sekondari mpaka nikastaafu na jibu lake nilikuwa nalo.

Akanieleza kwa upole kwamba nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe samaki au nyama, na robo iliyobaki ndiyo ya wali, muhogo, ndizi au mkate. Nikamjulisha kwamba sisi nyumbani hatuli kwa sahani, tunakula kwa sinia, na kwa kuwa tunalizunguka watu wanne, robo ya sinia ndiyo haki yangu tangu zamani na sijawahi kuivuka. Hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi na kunipa tarehe ya kurudi.

Habari ya koliflawa niliipata kwa binti yangu anayeishi Dar es Salaam, aliyenitumia kwenye simu video ya bibi mmoja wa Kimarekani akikisaga kichwa kizima cha koliflawa katika mashine mpaka kikawa chenga nyeupe, akazikaanga kidogo, akazipakua, na bila ya haya yoyote akaziita wali. Jina hilo lilinikera, lakini hesabu zake zilinivutia. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina kalori zipatazo 130 na wanga wa gramu 28 hivi, ilhali koliflawa ya uzito huohuo ina kalori 25 tu na wanga wa gramu 5. Kwa maneno mengine, sahani tano za koliflawa hazijafika hata kalori za sahani moja ya wali, na mtu anayeruhusiwa sahani tano hawezi kusema kwamba amewekewa masharti.

Nikashuka Darajani. Koliflawa haipendi joto letu la pwani. Inataka baridi ya milimani kama ya Lushoto, kwa hiyo zile zinazotufikia zimeshavuka bahari, na bei yake imevuka pamoja nazo. Nilichagua kubwa kuliko zote, nzito, nyeupe, ambayo majani yake yalikuwa bado mabichi. Kijana wa mboga, ambaye nilimfundisha na kumfelisha, aliifunga kwa heshima na kuniuliza ninakwenda kupika nini.

"Wali," nikamjibu.

Aliitazama koliflawa, akanitazama mimi, kisha akanyoosha kidole upande wa pili wa njia. "Maalim, maduka ya mchele ni yale kule."

Siku niliyoichagua kwa kazi hiyo ilikuwa ya masika, mvua ikinyesha tangu alfajiri na madirisha yote yamefungwa. Tunaishi katika majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ambamo mtu akikaanga vitunguu chini, wa juu hujua kama vimeungua. Mke wangu alikuwa amekwenda msibani Bububu pamoja na mama yake, aliyekuja kutoka Wete kutukagua, na aliniachia mjukuu wetu wa kiume, sufuria ya mchuzi wa changu, na agizo la kutogusa kitu chochote jikoni mpaka arudi. Agizo hilo nililielewa kuwa linahusu mchuzi.

Nilitoa brenda kabatini na umeme ukakatika palepale. Mwengine angeahirisha. Mimi nilikumbuka kwamba wazee wetu walikuna nazi kwa karne nyingi bila ya umeme, nikaivuta mbuzi kutoka nyuma ya mlango, nikaketi juu yake, nikaipasua koliflawa kati kwa kati na kuanza kuikuna. Naomba ieleweke kwamba ubovu haukuwa katika mkono wangu. Nazi ina kifuu cha kushikia, na nyama yake imeganda humo haina pa kukimbilia. Koliflawa haina kifuu, na kila inapoguswa na meno ya chuma, nusu yake huanguka kwenye sinia na nusu hupaa. Chenga ziliingia ndevuni, zikalala kwenye kikoi, zikapanda juu ya friji, na nyengine ikatua ndani ya chai ya mjukuu wangu, ambaye aliuliza kwa adabu kama hii ndiyo theluji ya Ulaya na kama wenyewe huila.

Kuhusu upishi sikuwa na wasiwasi. Marehemu mama yangu alikuwa mpishi wa wali wa nazi aliyeitwa mpaka arusini, na nilikuwa nimekaa jikoni kwake vya kutosha kujua kwamba kwanza hutangulizwa tui jepesi, linapimwa kwa kidole mpaka lifike pingili ya kwanza, chakula kinafunikwa, kinaachwa kikauke, ndipo linapotiwa tui la kasimile na kupaliwa. Nilifanya hivyo hivyo. Nikaongeza chumvi mwanzoni, iliki, mdalasini na karafuu bila ya choyo. Kwa kuwa juu ya jiko la gesi hakuna makaa ya kupalia, nilikifunika chakula kwa kawa la bati na kulikandamiza kwa kinu cha thomu ili mvuke usitoke hata kidogo.

Kisha nikangoja kikauke. Mchele ni mtu wa kunywa: unapewa maji, unayanywa, unavimba, unanyamaza. Koliflawa, ambayo katika kila sehemu 100 zake sehemu 92 ni maji, haikuwa na kiu. Kila nilipofunua, maji yalikuwa yamezidi. Nilitia kasimile nikitumaini kwamba uzito wake utayashawishi yapungue, yakazidi tena. Hapo nikapunguza moto, nikafunika, nikasali adhuhuri, nikajinyoosha kwenye kochi nikisikiliza mvua, na usingizi ukanichukua.

Nilizinduliwa na ngumi mlangoni. Ngazi nzima ilikuwa ikipiga kelele: "Gesi! Gesi inavuja! Zimeni moto! Tokeni!"

Nilinusa. Pua ya mwalimu wa kemia haihitaji kufasiriwa, nayo iliniambia papo hapo kwamba ile ilikuwa salfa, harufu ya yai viza yenyewe, nzito, ya hatari, na inatoka karibu. Nilizima jiko, nikafungua madirisha yote kama kanuni inavyotaka, nikambeba mjukuu begani na kuteremka, huku nikiwahimiza majirani wasiguse swichi yoyote. Haikupita dakika tatu, na jumba la pili nalo likaanza kutoka, kwa sababu madirisha yangu yanaelekea huko.

Watu walijaa chini, mvuani. Walikuwapo akina mama waliokumbatia mitungi yao ya gesi kama watoto wachanga, alikuwapo mzee mmoja aliyeteremka na ubao wake wa bao bila ya kumwaga kete, na alikuwapo bibi arusi mtarajiwa, amebebwa na mashoga zake wanne, miguu juu, hina mbichi imefungwa kwa vitambaa, huku somo yake akilia na kuuliza ni nani atakayelipa hina ile ikichujuka. Mwenye bao ndiye aliyeanza kuchambua hali.

"Yakhe, tangu ile sheria ya mafuta na gesi ya mwaka 2016 tunaambiwa tusubiri, tusubiri. Kumbe gesi yenyewe iko hapa chini ya Michenzani!"

"Si ya Michenzani hii," akajibu mwenzake, aliyekuwa amefumba macho na kuinua pua. "Nusa vizuri. Ina karafuu. Hii imetoka Pemba."

Nikaona kwamba umma unahitaji elimu. Nilipanda juu ya ukingo wa mtaro na kuwaeleza, kwa sauti ile ya darasani ambayo haijanitoka, kwamba gesi ya mitungi, yaani propani na butani, kwa asili haina harufu, na kwamba watengenezaji huitia kwa makusudi kemikali yenye salfa iitwayo mekaptani, ambayo hata ikiwa chache mno pua huitambua, ili ikivuja watu wapate kukimbia. Hivyo ile karaha tunayoinusa, nikawaambia, ni rehema, na aliyeinusa wa kwanza anastahili kushukuriwa. Watu walitikisa vichwa. Hata sheha, aliyekwisha kufika na mwavuli wake, alisimama akanisikiliza.

Msichana mmoja wa skuli akanyoosha mkono. "Maalim, si ulitufundisha kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, huteremka chini? Mbona sisi wa ghorofa ya nne ndio tulionusa zaidi kuliko wa chini?"

Lilikuwa swali zuri sana na nilimwambia hivyo. Nikamjibu kwamba ni upepo.

Wakati huo kijana wa duka la mitungi, ambaye duka lake liko palepale chini, alikuwa ameshapanda na ndoo ya maji ya sabuni na sponji. Hiyo ndiyo njia ya kuaminika: povu hupakwa kwenye valvu, mpira na kichwa cha mtungi, na pale panapovuja povu huchemka vipovu. Alipita nyumba kwa nyumba, na kila dirisha alilotokeza alipunga mkono kwamba hakuna kitu. Alipofika kwangu alikawia. Nilimwambia sheha kwamba ninashuku nyumba ya jirani.

Kijana aliteremka polepole, ameshika kwa mikono miwili, kwa vitambaa, sufuria iliyofunikwa kwa kawa la bati na juu yake kinu cha thomu. Watu wakampisha. Akaja mpaka niliposimama, akaliondoa kawa, na umma wote ukarudi nyuma hatua mbili kwa pamoja. Ndani mlikuwa na kitu cha kijivujivu chenye kung'aa kwa mafuta, kinachotoa mvuke na karafuu mbili tatu zikielea.

"Maalim," akasema, "gesi yako imeiva."

Mimi bado nashikilia kwamba nilichosema pale mtaroni kilikuwa sahihi, neno kwa neno. Koliflawa ni ndugu wa kabichi, imejaa viungo vya salfa, na inapopikwa muda mrefu, tena kwenye chombo kilichofunikwa, hutoa gesi zilezile za ukoo wa yai viza. Salfa niliinusa na salfa ilikuwapo. Lililobaki kujulikana lilikuwa anuani tu. Nilikuwa ninaanza kulieleza hilo, gari kutoka Bububu lilipofika na kumteremsha mke wangu na mama yake katikati ya mkusanyiko.

Mama mkwe alisalimia watu wote kwanza, kama ada ilivyo, kisha akainama juu ya sufuria na kutazama kwa muda.

"Mwanangu," akaniuliza kwa huruma ya kweli, "nani anaumwa?"

"Ni mimi, Mama. Ni sukari."

"Basi kampelekeni hospitali," akamwambia binti yake. "Msimpe hiki."

Mke wangu hakusema kitu mpaka tulipokuwa ndani. Alichukua kifumbu, akaukamua ule wali wangu mpaka maji yakatoka bakuli mbili, akaugeuzageuza kwenye kikaango kikavu na kichwa kizima cha koliflawa ya Lushoto kikatoa kile kinachoweza kukaa kwenye kisahani cha chai. Halafu akaniuliza, akiwa amenipa mgongo, kama yule bibi wa Kimarekani alitia tui. Sikumjibu. Tui zito la nazi lina kalori zaidi ya 200 kwa kila gramu 100, na mimi nilikuwa nimekamua nazi mbili.

Siku hizi anaipika yeye. Huikuna kwa kikwaruzo cha karoti, huikausha kwa kitambaa safi, huitupia kwenye kikaango chenye moto mkali na mafuta kidogo na vitunguu, haifuniki, haitii hata tone la maji, hutia chumvi mwisho, na kabla hujamaliza kutaja viungo imeshaiva. Kwa mchuzi wa changu inakwenda vizuri, hasa akiichanganya nusu kwa nusu na mchele wa Mbeya, na daktari ameridhika nayo kuliko mimi. Lakini kila Ijumaa, sauti ya kikwaruzo inapoanza kusikika, hubisha hodi mtoto wa ghorofa ya chini, akasimama mlangoni na kutoa ujumbe wake kwa adabu zote: "Shikamoo, Maalim. Baba anauliza, leo anapika Bibi au wewe? Kama ni wewe, mama aanue nguo kwanza."