Acheni kuwaita Triana Pink Floyd wa Sevilla

Kila anayeorodhesha roki ya miaka ya 1970 akifika Hispania huandika sentensi ile ile: bendi ya Triana ni Pink Floyd, wale wa roki ya Uingereza, waliochanganywa na flamenco, muziki wa Andalusia, kusini mwa Hispania. Kisha anahamia Italia. Sentensi hiyo inaniudhi kwa sababu inamwelekeza msikilizaji mgeni mahali pasipo. Anakitegea sikio kinanda cha Jesús de la Rosa, anasikia mwangwi wa Uingereza, anaridhika, na kitu chenyewe kinampita. Kitu chenyewe kiko kwenye dramu.

Walikuwa watatu, kundi lililozaliwa mwaka 1974. Jesús aliimba na kupiga kinanda. Eduardo Rodríguez Rodway aliimba na kupiga gitaa kavu la flamenco. Juan José Palacios, ambaye wote walimwita Tele, alikaa kwenye dramu. Katika albamu ya kwanza besi ilipigwa na Manolo Rosa na gitaa la umeme na Antonio Pérez, wote wawili wakiwa waalikwa. Hebu tafakari: bendi ya roki isiyo na mpiga besi wala mpiga solo wa kwake. Uti wa mgongo ulibaki kwa Tele na kwa mkono wa kulia wa Rodway, na mikono hiyo ilifunzwa Andalusia.

Chukua "Recuerdos de una noche", kibao cha tatu upande A wa albamu hiyo ya 1975. Jina lake lenyewe limeongezewa maneno "Bulerías 5x8", kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha mdundo. Bulería, mdundo mmojawapo wa flamenco, ina mzunguko wa mapigo 12, na hesabu inaanzia kwenye 12 yenyewe: 12, 1, 2, 3, mpaka 11. Makofi mazito yanaangukia 12, 3, 6, 8 na 10. Yaani tatu, tatu, mbili, mbili, mbili. Nusu ya kwanza inatembea kwa tatu, nusu ya pili inabana kwa mbili, na kasi haijabadilika hata kidogo. Aliyekulia kwenye ngoma za mapigo 12 atalipata hili upesi, maana kwetu tatu na mbili hupigwa kwa pamoja, mkono dhidi ya mkono. Bulería inazipanga zifuatane.

Hapo ndipo bendi zinazorudia nyimbo zao huanguka. Mpiga dramu aliyelelewa na roki anasikia mapigo 12 na kuyagawa tatu tatu mara nne, hivyo anakaza 12, 3, 6 na 9. Nusu ya kwanza inakwenda sawa na hakuna anayeshtuka. Kisha gitaa linakaza 8 na 10, dramu inakaza 9 katikati yake, na wimbo unachechemea. Wengi hulitibu tatizo hili kwa kupunguza sauti ya gitaa kavu, na hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu gitaa ndilo lililokuwa sahihi. Dawa ni kuzima vyombo vyote. Bendi nzima isimame ipige makofi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka 8 na 10 zije bila mtu kuhesabu. Ndipo dramu ya mguu iingie kwenye 12 peke yake, halafu iongezwe 3 na 6, halafu 8 na 10. Sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, iwe ya mwisho kabisa.

Kosa jingine liko kwenye kodi za gitaa (chords). Mteremko wa Andalusia, yaani mfuatano wa kodi unaoshuka, ni A maina, G, F, E. Mtu wa roki anaiona A maina ya mwanzo, anadhani hapo ndipo nyumbani, na wimbo anaumalizia huko. Anauua. Nyumbani ni E, na kinachouma ni ile F iliyokaa nusu toni juu yake. Isitoshe, E hiyo ni meja, ina G-shapu ndani, na sikio lililozoea maqamu ya Hijazi kwenye taarabu litaitambua ladha hiyo papo hapo.

Nakubali, Pink Floyd wamo. Vinanda vilivyotandazwa na nyimbo zinazochukua muda wake kufika, kama "Abre la puerta" yenye karibu dakika 10, vinadaiwa na Waingereza. Na ni haki kusema kwamba bendi ya Smash, wa Sevilla hiyo hiyo, walishaitia flamenco kwenye roki kabla yao. Lakini deni la kinanda lisitumike kufuta kazi ya Tele. Mtu huyu pamoja na Manuel Molina ndio walioandika "Todo es de color" inayofunga albamu, wimbo ambao Lole y Manuel, Manuel huyo na mwimbaji Lole, nao waliurekodi.

Ukiitafuta santuri ya kwanza, tafuta jaketi lenye mchoro wa Máximo Moreno na lebo ya Gong. Jina la kundi ndilo lililowekwa juu yake; El Patio ni jina lililotokana na ua wa nyumba uliochorwa pale, likazoeleka. Ilitoka Franco, dikteta wa Hispania, angali hai. Hijos del agobio ikafuata mwaka 1977, mwaka wa uchaguzi huru wa kwanza baada yake, na "¡Ya está bien!" ndani yake inasema wazi kwamba imetosha. Sombra y luz ya 1979 ni nzito na yenye kiza zaidi. Un encuentro ya 1980 ina "Tu frialdad", wimbo uliotengenezwa vizuri, siwezi kukataa, ila mwendo wake ni wa kawaida. Un mal sueño ya 1981 ndiyo dhaifu kwangu. Llegó el día ilitoka 1983, na Oktoba 14 mwaka huo Jesús alikufa kwa ajali ya gari karibu na Burgos, akiwa na miaka 35, akirejea kutoka San Sebastián walikopiga kuchangia waathirika wa mafuriko ya nchi ya Wabaski. Tele alilifufua jina la kundi miaka ya 1990. Naye akafariki mwaka 2002.

Kwa anayeanza: El Patio nzima bila kuruka, kisha Hijos del agobio, kisha Sombra y luz. Mikusanyiko ya nyimbo bora isubiri. Ukiiweka "Tu frialdad" mwanzoni, bulería ya 1975 itasikika kama pambo lililoongezwa kwenye muziki wa redio, wakati bulería ndiyo iliyotangulia.