Kidole Gumba Kilichokataa Kubatizwa

Kwetu sisi Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao ambao wengi wenu mnawaita Wamormoni, ubatizo hauna nusu. Mtu anazamishwa mzima mzima, unywele hadi ukucha, na sala inasemwa neno kwa neno kama ilivyoandikwa. Mashahidi wawili wanasimama kando ya kisima, kazi yao ni kuchungulia tu. Kikibaki kitu chochote juu ya maji, hata ncha ya kidole, mnarudia. Sheria hiyo naijua tangu utotoni kule Kericho na haikuwahi kunikosesha usingizi, kwa sababu wote niliowaona wakibatizwa walikuwa watu wa saizi ya kawaida.

Halafu nikatumwa Uingereza.

Utume wa vijana wa kiume ni miaka 2, na kituo hujichagulii. Unaambiwa uendako, unafunga sanduku. Mimi nilipangiwa kaskazini, pande za Lancashire, ambako mvua hainyeshi ikamaliza kama ya kwetu. Inakaa tu hewani, haina haraka ya kwenda popote. Saa 12:30 asubuhi tumeamka, tunasoma maandiko, tunavaa shati jeupe, tai na kile kibao cheusi cha jina kifuani, tunaingia barabarani. Ni wawili wawili wakati wote. Mwenzako anakutoka machoni akienda chooni tu. Wangu alikuwa kijana wa Utah, Marekani, mrefu, mwenye meno mengi, na aliyaonyesha yote hata mlango ulipofungwa mbele ya pua yake. Na milango ilifungwa! Tena wengine kwa upole wa ajabu. "Leo hapana, mpenzi," ajuza mmoja aliniambia, nami nikamgeukia mwenzangu kwa hofu nikidhani nimeshavunja kanuni ya utume. Kumbe ndivyo wanavyoongea.

Waliofungua walitaka kutupa chai. Sisi chai hatunywi, imekatazwa na Neno la Hekima, mwongozo wa afya wa kanisa letu uliotolewa 1833. Sasa piga picha: mtoto wa Kericho, baba amechuma chai maisha yake yote, karo yangu imetoka kwenye majani hayo hayo, nimesimama sebuleni kwa watu Ulaya nasema asante, situmii. Mama mmoja aliposikia natoka Kenya alikimbilia jikoni, akarudi na pakiti ya chai iliyoandikwa Kenya, akaniwekea mkononi, akasubiri nilie.

Huyu mzee wa habari yangu alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, urefu wake ni wa mlango, upana nao ni wa mlango. Tulimkuta kwenye kile kipande cha ardhi ambacho halmashauri za kule hukodishia wakazi wapande mboga, akipigana na viazi. Mwenzangu alianza kumweleza habari za Yesu. Mimi nilivua koti, nikachukua sepetu. Alipoyaona matuta yangu alinyamaza kabisa, akatukaribisha kwake. Miezi ikapita, akakubali kubatizwa, ila kwa sharti.

"Atakayenizamisha ni huyu mdogo."

Mkewe, ambaye hakuwa na mpango wa kujiunga na lolote, alinipima kwa macho kuanzia viatu hadi utosini. "Utaua mtoto wa watu," akamwambia mumewe.

Kilo zangu hazifiki 60. Hata hivyo sikuwa na wasiwasi, maana kwenye chuo cha wamisionari pale Chorley, pembeni mwa hekalu, tulishafanya mazoezi. Unamshika mkono hivi, mkono wako mwingine unaenda mgongoni, yeye anakunja magoti, maji yanambeba. Tulifanyia juu ya zulia. Juu ya zulia kila mtu alizama vizuri sana.

Jumamosi ikafika. Kisima cha kanisa lile kiko nyuma ya milango ya kukunja, na kujaa kwake ni shughuli ya saa kadhaa. Tukafungua bomba asubuhi. Maji ya moto yakatoka kidogo, mtambo ukakohoa, ukazima, na kilichoendelea kuja baada ya hapo ni maji ya Lancashire yenyewe. Mwenzangu akapata wazo: jikoni kuna birika za umeme. Naam, kanisa lisilokunywa chai lina birika, za supu na chokoleti. Basi ukaanza msururu wa akina dada, vijana, watoto na askofu mwenyewe (kwetu ni kiongozi wa kanisa moja la mtaa) na koti lake, kila mmoja na birika inayofuka moshi, wanamimina ndani ya kisima ambacho kingetosha kuogeshea ng'ombe wa kijiji kizima. Mzee akasimama mlangoni akituangalia. Siku za nyuma tulikuwa tumemsimulia yaliyotokea pale Preston tarehe 30 Julai 1837, siku ya ubatizo wa kwanza wa kanisa letu Uingereza, jinsi wanaume wawili walivyoshindana mbio hadi ukingo wa mto Ribble, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuingia, na George Watt akamshinda mwenzake.

"Wale," mzee akasema, "hawakungoja birika."

Askofu akachovya kidole. "Si mbaya sana," akasema. Nilishakaa kule vya kutosha kujua kwamba Mwingereza akisema si mbaya sana, uandike wosia.

Nguo nyeupe za ubatizo hutolewa kwenye kabati la kanisa. Ovaroli kubwa kuliko zote ilimkubali mzee baada ya watu wawili kuisaidia zipu. Mimi ilinibakia suruali ya jitu fulani lisilojulikana, nikaikaza kiunoni kwa tai nyeupe.

Tukashuka ngazi. Pumzi yangu ilibaki ngazi ya pili. Watoto walikuwa wamekalishwa chini mstari wa mbele kabisa, wanaona kila kitu. Nikainua mkono, nikasali. Sala yenyewe ni fupi, lakini meno yakigongana inapata silabi nyingi mno. Nikamlaza mzee. Kichwa kikaenda, kifua kikaenda, na hapo hewa yote iliyokuwa ndani ya ovaroli ikahamia miguuni. Ovaroli ikavimba kama andazi kwenye mafuta, na miguu miwili ikapanda juu taratibu, kwa heshima zote.

"Kidole," akasema shahidi wa kwanza.

Tukarudia. Safari hii miguu ilikaa chini, likainuka tumbo. Tukarudia tena. Mashahidi wakatofautiana: mmoja anasema kidole gumba cha kushoto kilichungulia, mwingine anasema lile lilikuwa povu. Wakajadiliana kwa adabu, wakipeana nafasi ya kuzungumza, na sisi tumesimama mle ndani tunabadilika rangi; mzee anakuwa mwekundu, mimi sijui nilikuwa nini. Mwenzangu ananong'ona kutoka ukingoni, "Bonyeza miguu! Bonyeza miguu!" Kwa mkono upi, ndugu yangu?

Mzee ndiye aliyepata dawa. "Kijana," akasema, "nikanyage."

Nikapanda juu ya miguu yake, nikasali, nikamlaza. Na miguu kweli haikuinuka. Tatizo ni kwamba mtu wa uzito ule akianguka chali, nawe umesimama kwenye vidole vyake ukiwa umemshika mkono, huna uamuzi tena. Nilimfuata. Nilisikia maji yakiingia masikioni, tai ikafunguka kiunoni, na suruali ya lile jitu ikachukua njia yake. Kisha mkono mkubwa ukanidaka kola ya shati na kunisimamisha wima.

Kimya. Halafu mtoto mmoja kule mbele akasema kwa sauti safi, "Mama, amembatiza mmisionari!"

Watu walicheka mpaka wakashika viti. Shahidi wa kwanza hakucheka, alikuwa kazini. Alisubiri watu watulie, akatangaza: "Vidole vyote vimezama. Vya wote wawili."

Mzee alinikumbatia mle mle majini. Akaniambia ameendesha lori la tani 44 karibu nchi yote ile, lakini hajawahi kupiga rivasi ngumu kama hii. Mimi nilikuwa nashukuru huku nikitafuta suruali kwa vidole vya miguu, maana ilikuwa imekaa kwenye vifundo na ngazi za kutokea zilikuwa zinatazama mkutano mzima. Mwenzangu akaelewa. Akavuta milango ya kukunja, na askofu akaomba watu waimbe wimbo. Waliimba beti zote, wakarudia.

Baadaye jikoni nilikaa nimezungushiwa mataulo, natetemeka. Mke wa mzee akaingia, akanitazama tena kuanzia miguu hadi utosini, akaichukua birika moja, akanitengenezea juisi ya moto. Alisubiri ninywe nusu kikombe.

"Siku mimi nikirukwa na akili nikataka kubatizwa," akasema, akimwelekezea kidole mwenzangu aliyekuwa mlangoni na meno yake yote nje, "atanizamisha yule mrefu."