Opera: watazamaji wapo, hesabu ndiyo inayokataa

Haupiti msimu bila mtu kutangaza kwamba opera, yaani igizo la jukwaani linaloimbwa, imekufa, na mwingine kumjibu kwa picha ya ukumbi uliofurika. Wote wawili wana ushahidi. Mabishano yao yamekwama kwenye ladha ya vijana, ilhali ugonjwa wenyewe uko kwenye daftari la mhasibu.

Chukua La bohème ya Giacomo Puccini, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza mjini Turin mwaka 1896. Muziki wake haufiki saa mbili. Inahitaji waimbaji wa nafasi tisa zenye majina, kwaya ya watu wazima, kwaya ya watoto na okestra ya watu kama 70. Ilikuwa hivyo 1896, na ni hivyo leo. Fundi wa cherehani ya umeme hutoa mashati mengi kwa siku kuliko fundi wa zama zile, kwa hiyo anaweza kulipwa zaidi bila bei ya shati kupaa. Mpiga fidla hana namna ya kuupiga muziki wa Puccini kwa kasi mara tatu, lakini kodi ya nyumba anailipa kwa bei ya leo, na mshahara wake lazima uwafuate wenzake wa kazi nyingine. Wanauchumi William Baumol na William Bowen walilieleza jambo hili mwaka 1966: gharama za sanaa za jukwaani huelekea kupanda kuliko mapato yake, hata uongozi uwe hodari kiasi gani. Ndiyo maana majumba makubwa ya opera hayaishi kwa mauzo ya mlangoni. Ujerumani huyabeba kwa ruzuku za majimbo na miji. Marekani huyabeba kwa michango ya matajiri, ambao nao hupunguziwa kodi. Mfadhili akiyumba, jumba linayumba hata viti vikiwa vimejaa.

Metropolitan Opera (Met) ya New York ndiyo inayoonyesha shida hii kwa ukubwa wake wote. Jumba lake la Lincoln Center, lililofunguliwa 1966, lina viti karibu 3,800. Opera ya Taifa ya Vienna ina viti karibu 1,700 na nafasi mia nne na ushei za kusimama. Wingi huo wa viti haumsumbui muuza tiketi peke yake. Mwimbaji wa opera kwa kawaida hatumii maikrofoni. Okestra kamili ina nguvu zaidi karibu na hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde), kisha nguvu hiyo hushuka kadiri masafa yanavyopanda. Mwimbaji aliyefunzwa, hasa wa kiume, hukusanya nguvu ya sauti yake karibu na hezi 3,000, pale okestra ilipolegea na sikio la binadamu lilipo kali. Hapo ndipo anapopenya. Ukumbi ukizidi kuwa mkubwa, idadi ya wanaoweza kuujaza kwa koo tupu inapungua, na hao wachache ratiba zao zimeshikwa miaka kadhaa mbele. Mmoja akiamka hana sauti siku ya onyesho, huwezi kuokoteza wa kushika nafasi yake. Lazima awepo mwimbaji wa akiba aliyejifunza nafasi yote, anayelipwa na kukaa karibu na jumba, aimbe asiimbe.

Wako wanaosema: wekeni maikrofoni, mambo yaishe. Maigizo ya muziki ya Broadway, mtaa wa majumba ya maigizo New York, hufanya hivyo, kwa okestra ndogo na onyesho lilelile kila jioni kwa miezi. Hoja hiyo ina nguvu kimahesabu, ila inauza kilichobaki dukani. Mtu anayekuja kusikia sauti ya binadamu ikivuka okestra bila waya, ukimpa spika, atakwenda Broadway kwenye ufundi bora wa spika.

Hoja nzito zaidi ni ya kubadilisha kinachoimbwa. Tarehe 27 Septemba 2021, Met ilifungua msimu kwa Fire Shut Up in My Bones ya Terence Blanchard, opera ya kwanza ya mtunzi mweusi kuimbwa humo tangu ilipoanzishwa 1883. Mwishoni mwa 2022 ilitangaza mambo mawili kwa pamoja: kuchota hadi dola milioni 30 kutoka mfuko wake wa wakfu, na kupunguza maonyesho kwa karibu asilimia 10 huku ikiongeza kazi mpya. Matunda yalionekana. Kazi kadhaa mpya ziliuza vizuri kuliko za kale, na wanunuzi wa tiketi mojamoja wakawa vijana zaidi kuliko kabla ya korona.

Upande wa pili una jibu, nalo si la kihafidhina tu. Fire na The Hours ya Kevin Puts ziliporudishwa 2024, mauzo yalikuwa hafifu kuliko mara ya kwanza. Opera mpya huuza kama habari, na habari haiuzwi mara mbili. Carmen, opera ya zamani ya Bizet, huuza kwa sababu watu wanaijua midundo yake kabla hawajaingia mlangoni. Kazi mpya huchukua miaka tangu kuagizwa hadi kuimbwa, nayo hula mazoezi mengi kwa kuwa hakuna hata mwanakwaya mmoja anayeijua kwa kichwa. Jumba likishindwa kuirudisha, gharama yote hiyo imelala kwenye maonyesho manane au tisa.

Mara nyingi kasoro iko kwenye uandishi wenyewe. Mtunzi asiyezoea jukwaa hujaza okestra pale pale sauti inapohitaji nafasi, au humpa soprano maneno muhimu kwenye noti za juu sana. Sauti ikipita takriban hezi 700, irabu huanza kufanana. A na e msikilizaji hazitofautishi tena, hata kama lugha ni ya mama yake. English National Opera ya London, ambayo huimba kwa Kiingereza, ililazimika kuweka maandishi ya Kiingereza juu ya jukwaa mwaka 2005. Wapo waliokasirika, lakini masikio ya wateja yalikuwa yameshaamua. Maandishi hayo yalianza Toronto mwaka 1983, kwenye Elektra ya Richard Strauss, na sidhani kuna uvumbuzi mwingine wa nusu karne hii uliofungulia watu wengi mlango wa opera kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Linganisha na pesa zilizomwagwa kwenye mitambo. Kwa Ring, mfululizo wa opera nne za Wagner, Met iliagiza mtambo wa mbao 24 zinazozunguka, wenye uzito wa zaidi ya tani 40; hata jukwaa lilibidi liimarishwe kwa vyuma ili lisititie. Usiku wa uzinduzi, Septemba 2010, mbao zilitakiwa mwishoni zijipange kuwa daraja la upinde wa mvua ambalo miungu ingepandia kwenda kwenye ngome yao. Mtambo ukagoma. Miungu ikatoka jukwaani kwa miguu.

Matangazo ya Met ya moja kwa moja kwenye kumbi za sinema, yaliyoanza Desemba 2006 kwa The Magic Flute ya Mozart, yalikuwa na busara zaidi: maelfu ya watu katika nchi nyingi huona onyesho moja kwa bei ya chini. Wakosoaji wanasema sinema humzoesha mtu picha ya karibu na sauti iliyosawazishwa na fundi, hata ukumbini sauti halisi aione ndogo. Wanasema pia kuwa mkazi wa vitongoji vya New York hana haja tena ya kuvuka mto kwenda ukumbini. Sehemu ya lawama hiyo ni kweli. Lakini mtu wa Mwanza au Lubumbashi hakuwa na mto wa kuvuka, na kwake rekodi ndiyo opera yenyewe.

Afrika Kusini inatoa somo ambalo New York haijalisoma vizuri. Cape Town Opera haina jumba lake. Huimba katika ukumbi wa Artscape na kuzunguka nje ya nchi. Ilicho nacho ni kwaya. Waimbaji wengi wametoka kwenye mashindano ya kwaya za shule na makanisa, wakisoma noti za sol-fa zilezile zinazobandikwa ukutani kwenye mazoezi ya kwaya zetu Dodoma na Kisumu. Pretty Yende, aliyeimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles III mwaka 2023, alianzia kanisani na shuleni hukohuko. Huko watu wa kuimba hawajawahi kuadimika. Kinachoadimika ni ajira ya kuwaweka nyumbani, na nyota wake huishia Ulaya. Muscat, Oman, imepita njia ya kinyume: Royal Opera House iliyofunguliwa 2011 kwa opera ya Turandot ni jumba la fahari linaloletewa maonyesho na wageni. Ukumbi ni mzuri mno, lakini kwaya ya opera ya wenyeji hainunuliwi pamoja na marumaru.

Kwa hiyo anayelazimika kukata, akate mandhari, mitambo na idadi ya viti kabla hajagusa kwaya na okestra. Uingereza ilianza upande wa pili. Novemba 2022, Baraza la Sanaa la England liliiondoa English National Opera kwenye orodha ya wanaopewa ruzuku ya kudumu, pauni milioni 12.6 kwa mwaka, likitaka ihame London. Baraza lilikuwa na hoja: London imekula fungu kubwa la pesa za sanaa kwa miaka mingi, na walipa kodi wa kaskazini wana haki ya kusikia wanacholipia. Manchester ikachaguliwa kuwa makao mapya. Ila pesa zilipopungua, wa kwanza kuguswa walikuwa wanamuziki. Kiongozi wa muziki, Martyn Brabbins, alijiuzulu Oktoba 2023 kupinga mpango huo, na mikataba ya kwaya na okestra ikaishia kwenye kazi ya uhakika ya takriban miezi saba kwa mwaka. Mwanakwaya wa namna hiyo hutafuta kibarua cha miezi mitano iliyobaki. Akikipata cha mwaka mzima kwenye igizo la West End, mtaa wa maigizo wa London, nafasi yake itajazwa na mgeni anayesoma noti vizuri, lakini asiyejua jirani yake wa kushoto huvuta pumzi wapi.